Cheti Kilichopigwa Pasi

Wapo wanaojisifu kwa mali na wapo wanaojisifu kwa ukoo. Dobi wa mtaa ule alijisifu kwa jambo moja tu: katika miaka ishirini na sita ya kushika pasi, hakuwahi kuunguza nguo ya mtu.

"Hata leso?" fundi cherehani wa jirani alimuuliza siku moja, mbele ya watu.

"Hata uzi," alijibu.

Fundi akacheka, akambatiza jina pale pale: Haunguzi. Jina likamkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Akiitwa barabarani aligeuka kifua mbele, na kusema kweli alikuwa na haki. Kazi ya dobi watu huiona ndogo mpaka siku wanapovaa shati lililokunjamana kwenda mahali pa maana.

Chumba chake cha kazi ndicho kilichokuwa sebule ya nyumba. Palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka, pasi mbili za mkaa, bakuli la maji ya kunyunyiza, na kamba tatu za nguo zilizokwisha kunyooshwa. Mkewe alikaa kwenye kigoda karibu na mlango akishona vifungo vilivyong'oka, maana nguo haikutoka pale ikiwa na kasoro. Na ukutani, mahali ambapo kila mteja lazima apaone, ilining'inia fremu ya mbao yenye kioo. Ndani yake hamkuwa na picha ya harusi wala kalenda. Mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha binti yao wa pekee.

Wageni walishangaa, naye alikuwa na jibu tayari. "Mimi sina cheti. Mama yake hana. Babu zetu wamezaliwa wamekufa hakuna kitabu kilichowaandika. Huyu ndiye wa kwanza. Sasa mtu wa kwanza utamweka wapi, chini ya godoro?"

Basi binti huyo, akiwa na miaka kumi na tisa, akapata nafasi chuo cha uuguzi. Wazee wake walilia siku barua ilipofika, na hakuna aliyejificha kulia. Lakini barua ilikuwa na sharti: kabla ya Ijumaa saa sita mchana alete nakala ya cheti cha kuzaliwa iliyothibitishwa kwa muhuri wa ofisi ya usajili. Asipoleta, nafasi yake apewe anayemfuatia kwenye orodha.

Jumanne asubuhi alisimama mbele ya meza ya baba yake.

"Baba, nishushie fremu."

Pasi ilikuwa juu ya ukosi wa shati. Ikainuka, ikabaki hewani.

"Ya nini?"

"Napeleka cheti ofisi ya usajili. Wanakitazama, wanatoa nakala, wanagonga muhuri. Nusu saa tu."

"Kesho," alisema dobi. "Leo huo msumari umeshika kutu. Nikiuvuta kwa pupa nitabomoa ukuta."

"Msumari wa kupachikia tu huo," mkewe alisema kutoka kwenye kigoda, sindano mdomoni. "Unainua fremu, inatoka."

"Nimesema kesho, mama. Mbona mnanifukuza kama nina deni?"

Mkewe alitoa sindano mdomoni akamtazama. Walikuwa wameoana miaka ishirini na mbili, na hakuwahi kumwona akiogopa msumari.

*

Jumatano dobi alipotoka kupeleka nguo za wateja, mkewe alipanda kigoda, akainua fremu, ikatoka kama alivyosema. Akaifunga kwa kitambaa safi, akampa binti. "Nenda mwanangu. Baba yako akirudi nitapambana naye mimi."

Ofisi ya usajili ilikuwa na madirisha matatu, na mawili yalikuwa yamefungwa. Foleni ya dirisha la tatu ilitoka mlangoni ikapinda na ukuta. Binti alisimama saa mbili na fremu yake kifuani, watu wakimwuliza kama amefiwa. Alipofika mbele, karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliitazama fremu kwanza, ndipo akamtazama mwenye fremu.

"Umeniletea picha?"

"Cheti, shangazi. Nakala ya kuthibitishwa."

Karani akageuza fremu, akakunjua vijisumari kwa mkasi, akatoa kilichokuwamo. Kilikuwa kimefungwa ndani ya plastiki iliyogandamana nacho pande zote. Na kona ya juu upande wa kulia, ambayo miaka yote ilikuwa imefunikwa na mbao pana za fremu, ilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, plastiki na karatasi vimeshikana, maandishi yamepotea.

Binti hakuwahi kuiona kona ile maishani mwake.

"Kwanza, cheti hakipigwi plastiki," karani alisema, na sauti yake haikuwa ya siri. "Muhuri lazima niupapase kwa kidole. Pili, hii nini? Nimeletewa cheti au mkate?"

Foleni ikacheka. Si kwa ubaya. Watu waliosimama saa mbili hucheka chochote. Lakini kicheko cha foleni ukiwa mbele yake peke yako ni kitu kingine. Binti alihisi masikio yakimwaka moto.

"Nifanyeje, shangazi?"

"Hiki siwezi kukithibitisha. Unaomba nakala mpya kutoka kwenye kitabu cha usajili. Unajaza fomu hii. Anakuja mzazi aliyekuandikisha, na kitambulisho chake. Mnalipa ada kule kwa mhasibu mnapewa stakabadhi. Na unaniletea namba ya ingizo."

"Namba iko wapi?"

Karani akaweka kucha juu ya kona iliyoungua. "Ilikuwa hapa."

"Na bila namba?"

"Vitabu vya miaka yenu havijaingia kwenye kompyuta. Bila namba tunapekua kitabu kwa kitabu. Wiki tatu, tukiwahi."

"Mwisho wangu keshokutwa, shangazi."

"Keshokutwa yako, mdogo wangu, si yangu. Anayefuata!"

Akakaa kwenye benchi la ukutani kujaza fomu, asije akarudi kupanga foleni kwa ajili ya karatasi tupu. Jina, tarehe, mahali, jina la mama. Alipofika kwenye nafasi ya kazi ya baba, kalamu ikasita. Pembeni yake alikaa msichana wa rika lake mwenye viatu vipya, naye alikuwa akiandika *mhandisi* bila hata kufikiri. Kicheko cha foleni kilikuwa bado masikioni. Binti wa dobi akafunika fomu kwa kiganja, kama watoto wanaoogopa kuibiwa mtihani, akaandika: *mfanyabiashara*.

Neno lenyewe si uongo mkubwa. Ila aliliandika haraka, na mtu hafanyi haraka hivyo kuandika kitu anachokiamini. Nafasi ya mwisho, *sababu ya kuomba nakala*, akaiacha wazi.

*

Dobi alipoingia alikuta ukuta una alama nyeupe ya mraba mahali pa fremu, na cheti kiko juu ya meza yake ya kazi, kona ile imemwelekea. Mkewe na binti yake walikuwa wamesimama upande wa pili. Aliweka kapu chini.

"Nani kaunguza?" mkewe aliuliza, ingawa katika nyumba ile mshika pasi alikuwa mmoja.

"Mimi."

"Lini?"

"Siku alipoanza darasa la kwanza." Alivuta kigoda cha mkewe akakaa, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Mvua zile bati lilikuwa linavuja. Nikasema cheti kitaloa. Nikakiweka ndani ya plastiki, juu nikaweka kitambaa, nikapitisha pasi kidogo kidogo, kama hariri. Kilikuwa kinakaa vizuri. Mara ukatoka chumbani," akamtazama binti yake, "umevaa sare. Ile niliyoipiga pasi usiku kucha, marinda kumi na sita. Ukazunguka ili nikuone. Nikakutazama. Nikasahau mkono wangu uko wapi."

Binti akapitisha kidole juu ya kona iliyoungua.

"Sikukutazama sana," aliongeza, kama anayejitetea polisi. "Ni muda wa kuzunguka mara moja tu."

"Ndiyo maana ukanunua fremu yenye mbao pana," mkewe alisema polepole. "Mimi nikasema za bei ndogo zipo, wewe ukasema hapana, mtoto wetu anastahili mbao. Miaka kumi na miwili naifuta vumbi kila Jumamosi! Mwenzenu nadhani nafuta heshima, kumbe nafuta kifuniko."

Alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimtangulia, kikaja na machozi, akalazimika kujishikilia kwenye kamba ya nguo. Dobi hakucheka. Alikuwa akisikia jina lake barabarani na kuona namna litakavyosikika kesho.

"Tutaandika mvua," mkewe alisema akijifuta macho. "Au panya. Panya wanakula kila kitu."

"Panya hawapigi pasi, mama," binti alisema. "Na hata tukiandika panya, namba haipo. Wiki tatu. Watakuwa wameshampa mwingine nafasi yangu."

Hapo ndipo wote watatu walipoelewa kwamba jambo halikuwa jina la mtu. Dobi aliinamisha kichwa. Mtoto wa kwanza kuandikwa, na aliyemfuta ni yeye.

Mkewe ndiye aliyeanza kutikisa kidole hewani, kama mtu anayetafuta neno. "Namba. Wewe, siku ulipokuja na cheti kutoka ofisini, huyu alikuwa mtoto wa miezi mitatu, nimempakata pale. Ulifanya nini?"

"Nilikuonyesha cheti."

"Baada ya hapo. Nikakugombeza. Nikakwambia huyu si nguo ya mteja!"

Dobi akainua kichwa.

Kila dobi ana desturi yake. Huyu, nguo ikishapita mkononi mwake lazima iwe na alama: namba ndogo kwa wino usiofutika, upande wa ndani wa pindo, isipotee wala kuchanganyika na ya mwingine. Siku ile furaha ilimzidi, na mtu akizidiwa na furaha hufanya anachokizoea. Alichukua kalamu yake ya wino na gauni jeupe la mtoto.

Mkewe alikuwa ameshaingia ndani. Walisikia sanduku likifunguliwa, vitu vikitupwa kitandani. Akarudi na gauni lenye urefu wa kiganja na nusu, limekuwa rangi ya maziwa kwa kukaa. Akageuza pindo.

*3172, kitabu 9.* Wino mweusi, kana kwamba umeandikwa jana.

"Wino wangu hautoki," alisema dobi kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza siku ile alikaa wima.

*

Alhamisi dobi na binti yake walifika kabla ofisi haijafunguliwa. Dobi alikuwa amevaa shati jeupe na suruali ambayo mkunjo wake ungeweza kukata nyanya. Nje ya lango kijana mmoja, wa wale madalali wasiokosekana kwenye ofisi za namna hii, akamsogelea.

"Mzee, cheti? Wiki tatu nazigeuza saa tatu. Ni kuelewana tu."

Dobi alimtazama kuanzia juu hadi chini, macho yakakaa kidogo kwenye suruali ya kijana iliyokunjamana. "Asante, mwanangu. Nitapanga foleni. Lakini wewe hiyo suruali niletee niipige pasi."

Walilipa ada, wakapewa stakabadhi, wakapanga foleni. Na kwa kuwa dunia haina huruma, ni nani aliyekuja kusimama nyuma yao, akiwa na karatasi za mjukuu wake? Fundi cherehani.

"Haunguzi! Umefuata nini huku?"

"Karatasi za mtoto," alisema dobi, akageukia dirishani.

Dirishani karani alimtambua binti mara moja. "Wa mkate. Na huyu ndiye mzazi? Kitambulisho." Akapitia fomu kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari, akasimama mwishoni. "Sababu ya kuomba nakala hamkujaza. Cheti kiliharibikaje?"

Binti akafungua mdomo. Alishapanga kusema mvua. Aliona fundi amekaza shingo nyuma yao, na hakutaka baba yake avuliwe jina mbele za watu. Lakini dobi alimgusa mkono.

"Niliunguza mimi," alisema.

"Sema kwa sauti, mzee, kioo hiki kizito."

"Niliunguza mimi! Kwa pasi! Mimi ni dobi. Nilitaka kukihifadhi nikakiunguza. Andika hivyo hivyo."

Foleni haikucheka mara moja. Fundi cherehani ndiye aliyesema, taratibu, kama anayesoma tangazo la msiba, "Haunguzi kaunguza?" Hapo kicheko kikaja. Dobi alisimama akakipokea chote, bila kuinama, mikono imenyooka kwenye mishono ya suruali.

Karani aliandika. "Namba ya ingizo mnayo?"

Binti akapitisha gauni chini ya kioo. Karani aliligeuza huku na huku, akaona pindo, akavua miwani, akaivaa tena. Akaondoka na gauni mkononi, akapotelea nyuma ya makabati. Walisikia ngazi ikiburutwa. Dakika zikapita. Karani alirudi amekumbatia kitabu kikubwa cha jalada jeusi, vumbi kwenye kifua cha blauzi yake, akakifungua mbele yao.

"Kitabu cha tisa. Elfu tatu mia moja sabini na mbili." Kidole kikateremka. "Jina, sawa. Tarehe, sawa. Mama, sawa. Baba, sawa. Kazi ya baba..." Akatazama fomu, akatazama kitabu. "Kitabu kinasema dobi. Fomu inasema mfanyabiashara. Huyu ni baba mmoja au wawili?"

Dobi hakuwa ameisoma fomu. Sasa aliitazama kupitia kioo. Mwandiko aliujua, aliufundisha yeye, usiku, juu ya meza ya kupigia pasi. Ilimuuma, na ilimuuma kuliko kicheko cha mtaa mzima. Na mtu huyu, ambaye dakika chache nyuma hakuweza kusema uongo mdogo wa kujiokoa, akajisikia anasema:

"Mimi ndiye niliyemwambia aandike hivyo."

"Si kweli," binti alisema.

"Nyamaza, mwanangu."

"Si kweli, baba." Alimtazama karani usoni. "Niliandika mwenyewe. Jana mlinicheka hapa nikaona haya. Nilimwonea haya baba yangu, ambaye amenisomesha kwa pasi tangu darasa la kwanza. Naomba fomu nisahihishe."

Karani alirudisha fomu taratibu. "Kata mstari mmoja," alisema, na sauti yake safari hii ilikuwa ya dirishani tu, si ya foleni nzima. "Andika juu yake. Weka sahihi pembeni."

Binti akakata. Akaandika kwa herufi kubwa, na hakufunika kwa kiganja: DOBI. Akaliandika kubwa mno, likatoka nje ya mstari, karani akaliacha hivyo.

"Rudini saa nane, mzee wangu," alisema. "Mtakikuta tayari."

Saa nane kilikuwa tayari: nakala safi, muhuri wa kupapasa, sahihi ya msajili. Kile cha zamani karani alikipiga mstari mwekundu kwamba hakitumiki tena, akawarudishia pamoja na gauni. Ijumaa saa tatu asubuhi, saa tatu nzima kabla ya mwisho, binti aliweka nakala yake mezani chuoni, na baba na mama wakamsubiri nje ya geti wakiwa wamevaa kama watu wa harusi.

*

Kabla ya kwenda bweni, binti ndiye aliyerudisha cheti cha zamani ukutani. Fremu ya mbao pana hakuitaka. Alikibandika juu ya ubao mtupu, pembe zote nne zikaonekana, ile ya kahawia ikaonekana kuliko zote. Mama yake akapachika gauni dogo pembeni, pindo limegeuzwa nje. Dobi alitaka kukataa, akaona hana kura.

Wiki ya pili fundi cherehani aliingia akiwa na suti nyeupe mkononi, aliyoishona mwenyewe kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Habari alikuwa ameshaieneza mtaa mzima, pamoja na ile ya sare aliyosimuliwa na mke wa dobi, kwa hiyo wote wawili walijua anachokitazama pale ukutani. Alikitazama muda mrefu.

"Jina nilikupa mimi," alisema mwishowe. "Ningeweza kulichukua."

"Lichukue," dobi alisema. "Nimeshazoea."

"Miaka ishirini na sita, mara moja." Fundi akatikisa kichwa, akatandika suti juu ya meza kwa mikono miwili. "Huyo binti yuko wapi?"

"Chuoni."

"Basi suti yangu iko salama."

Mke wa dobi akacheka mpaka kifungo kikamdondoka. Dobi naye alicheka, akanyunyiza maji, akapima moto wa pasi kwa kidole kilicholowa, akaanza na bega la kushoto. Alipofika kwenye ukosi akakumbuka sare ile na marinda yake kumi na sita. Aliinua pasi kwanza, akaiweka kwenye kiti chake cha chuma, ndipo akatazama ukutani.